Geji ya oili ilisoma juu tukashangilia, kumbe injini ilikuwa na kiu

Tik, tik, tik, tik.

Kama mtu anayekoroga chai kwenye glasi chumba cha pili, na hana haraka ya kuinywa. Mpaka leo nikifumba macho nausikia ule mlio.

Wakuu, salamu nyingi kutoka Kampala. Mimi humu jukwaani ni msomaji wa kimya, nacheka na nyuzi zenu halafu naondoka bila kuaga. Leo nimeona na mimi nilete cha kwangu. Chumvi sitii hata punje. Gari ipo, inatembea, na wenyewe wapo, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kiswahili changu mnivumilie. Nimekulia kambi ya polisi Naguru, baba yangu alikuwa dereva wa polisi, mtu wa kaskazini, na pale kambini kila mtu alikuja na lugha ya kwao tukakutana kwenye Kiswahili. Shule niliishia kidato cha nne. Nikaingia kujifunza ufundi kwenye gereji moja Kawempe na ndipo nilipo mpaka sasa.

Ndoto yangu naitaja mapema ili mkicheka mcheke mara moja tumalize. Siku moja nataka kuendesha gari ya mashindano. Siyo kukaa pembeni na kusoma ramani. Kuendesha.

Haya, mmeshacheka, tuendelee.

Bosi wangu ni mwanamke, tunamwita Mama Sauda. Ni Mnubi, wale Waislamu ambao mababu zao waliletwa na jeshi la mkoloni kutoka Sudan. Baba yake alikuwa fundi wa malori ya jeshi, na yeye akakulia chini ya hayo malori. Anavaa ovaroli ya bluu na mtandio kaufunga vizuri nyuma ya shingo, na sijawahi kuona tone la oili kwenye ule mtandio. Mimi nikibadilisha plagi tu narudi nyumbani kama nimeogeshwa grisi.

Huyu mama ndiye sababu ya uzi huu.

Sasa tuna mteja anaitwa Ronnie. Anauza matunda soko la Nakasero, yale mazuri yanayokwenda mahotelini. Alijinyima miaka mingi mpaka akanunua gari ya michezo ya Kijapani. Milango miwili, nyekundu, ina turbo, imelala chini kiasi kwamba kwenye tuta anapita ubavuubavu kama mtu anayepenya kwenye mlango mwembamba.

Wakuu, naipenda hiyo gari. Naisema wazi. Ikiingia gereji mimi naacha hata chapati.

Lakini injini yake ilifika kwetu imechoka, beringi zimekwisha. Mama Sauda akaifungua yote, akaijenga upya, beringi mpya, ringi mpya. Pampu ya oili aliikagua, akaridhika nayo, akairudisha ile ile. Hilo la pampu mliweke akilini.

Siku ya kuichukua Ronnie alikuja na mke wake, Scovia. Scovia anafanya kazi kliniki, ni mpole, ila akisema neno limesemwa. Pale pale mbele yetu akasema, "Mama Sauda, nakushukuru. Lakini na wewe uwe shahidi. Hii injini ikifunguliwa mara nyingine, gari inauzwa. Ronnie, si tumekubaliana?"

Ronnie akaitikia, "Tumekubaliana."

Na mnunuzi alikuwepo tayari, jamaa mmoja aliyekuwa anaimezea mate gari ile tangu zamani. Kwa hiyo halikuwa tishio la mdomoni.

Ronnie akaondoka. Baada ya muda akafunga geji ya presha ya oili kwenye dashibodi, ile ya duara yenye taa, nzuri kweli. Akatupitia kutuonyesha.

Asubuhi ukiwasha, sindano inaruka juu inapita themanini. Ukikanyaga kidogo inakwenda mia na zaidi, inataka kutoka nje ya kioo.

Ronnie alikuwa na furaha kama aliyepata mtoto, akaniita, "Akello, ona. Injini iko na nguvu ya simba."

Na mimi nikaona kweli. Si ndivyo tunavyojua? Presha ya oili ikishuka ni msiba, taa nyekundu inawaka, unazima gari pembeni ya barabara unaanza kumpigia simu kila mtu unayemjua. Sasa kama kushuka ni msiba, kupanda si ndiyo sherehe?

Alituambia kule sokoni mpaka wapagazi wanaacha magunia wanakuja kutazama sindano. Wanapiga makofi. Nami nilipiga, nisiwafiche. Mama Sauda siku hiyo alikuwa ameenda kununua spea, hakuona.

Haikupita muda mrefu Ronnie akarudi, safari hii bila kutabasamu, na Scovia amekaa pembeni yake amekumbatia mkoba.

Ndipo nilipousikia. Tik, tik, tik, tik. Unatoka juu ya injini, kwenye tapeti, zile zinazosukuma valvu. Mlio wa chuma kinachogusana na chuma bila oili ya kutosha katikati.

Na chini, kwenye filta, oili ilikuwa inavuja kama jasho pembeni ya mpira wa kuzibia.

Ronnie akaeleza. Alipita gereji nyingine karibu na nyumbani, wakatazama geji, wakamwambia presha ni kubwa mno, valvu ya kupunguza presha imekwama, na kwenye injini hii valvu iko ndani ya pampu. Kuifikia ni kufungua.

Kufungua.

Hilo neno lilipotoka Ronnie hakumtazama mke wake. Scovia naye alitazama nje dirishani tu, na mimi nadhani hata yeye roho ilimuuma, maana anajua mume wake alikosa nini na nini ili kuipata ile gari.

Nikamvuta Mama Sauda pembeni. Nikamnong'oneza, "Mama, tuseme geji ni mbovu. Tuing'oe tu."

Hakukasirika.

"Akello, mimi ndiye niliyerudisha ile pampu. Kama imekwama, kosa ni langu, na nitamwambia mbele ya mke wake. Nikimdanganya leo, injini itamwambia ukweli barabarani, tena kwa kelele."

Halafu akamgeukia Ronnie. "Mwanangu, sijui bado. Iache hapa ilale. Kesho asubuhi njooni wote wawili, tuisikilize ikiwa baridi."

Wakuu, hapo ndipo nilipoanza kumwona huyu mama kwa jicho jingine. Mafundi wengi tunaona aibu kusema sijui. Mteja amesimama, lazima useme kitu, hata kama unabahatisha. Yeye alisema "sijui bado" na sauti yake haikutetemeka.

Kesho yake asubuhi wakaja. Scovia alikuwa na sare za kliniki, yuko njiani kwenda kazini.

Mama Sauda alianza na geji. Alitoa kwenye sanduku la marehemu baba yake geji ya zamani ya mkono, ya mrija, ya jeshi. Akafungua sensa ya Ronnie, akafunga ile ya kwake pale pale, akamwambia Ronnie awashe.

Tik, tik, tik, tik. Na sindano ya jeshi ikaruka juu, sawa kabisa na ya Ronnie.

"Geji haisemi uongo," akasema.

Basi presha ilikuwa juu kweli.

Akamwambia azime. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua juani. Mimi na Ronnie tukakodoa macho. Oili haikudondoka. Ilining'inia pale kwenye ncha kama asali, inafikiria kwanza.

"Ronnie, hii ndiyo oili niliyokuwekea mimi?"

Ronnie akakuna kichwa. "Hapana, Mama. Niliibadilisha."

"Kwa nini?"

Jibu lake sitalisahau. Alisema madereva wa taksi pale stendi walimwambia injini mpya ni kama mgeni. Mgeni mwenye heshima humpi uji mwepesi. Ile oili ya Mama Sauda aliiona nyepesi kama chai ya rangi, akaona haya kuiacha kwenye injini mpya, akaimwaga. Akanunua nzito kuliko zote dukani, 20W-50, akaikaribisha injini kwa heshima zote.

Niliona macho yake. Alifanya kwa mapenzi, wakuu. Hiyo ndiyo iliyonigusa.

Na madereva wale hawakuwa wajinga. Hapa kwetu gari nyingi ni wazee. Beringi zimelegea, nafasi kati ya chuma na chuma zimekuwa pana, ukiweka oili nyepesi inapita tu na presha inashuka. Nzito inajaza zile nafasi, kelele inapungua, gari inaishi. Kwa gari zao wako sahihi kabisa. Ila injini ya Ronnie ilikuwa imerudi ujana, nafasi zake ni nyembamba, na wao walimpa dawa ya babu.

Mama Sauda hakumgombeza. Aliuliza, "Wewe unauza matunda. Juisi ya pasheni unaijua?"

"Naijua sana."

"Na bushera?"

Kwa wageni, bushera ni kinywaji chetu kizito cha mtama, kinakaribia uji.

"Nyonya juisi kwa mrija. Kisha chukua mrija ule ule unyonye bushera nzito. Mashavu yatafanyaje?"

"Yatauma."

"Presha iko nyingi au kidogo?"

"Nyingi."

"Na mdomoni kimefika nini?"

Ronnie akagusa shavu lake. Scovia ndiye aliyejibu, taratibu, "Kidogo."

"Basi. Geji inapima mashavu. Haipimi kilichofika mdomoni."

Nilisimama pale na spana mkononi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Siku zote nilidhani presha ya juu maana yake oili ni nyingi kule juu. Kumbe inaweza kuwa oili imekwama njiani, pampu inasukuma kwa nguvu zote, na tapeti kule juu zinalia kiu. Na ile nguvu isiyo na pa kwenda inatafuta upenyo, ndiyo ikatoka kwenye mpira wa filta.

"Sasa," Mama Sauda akasema, "hiyo ni sababu moja. Sijasema ile valvu ya presha ni nzima. Inawezekana oili ni nzito na valvu nayo imekwama. Tumwage, tuweke ile inayotakiwa, tuone kitakachobaki."

Akageuka kwa Scovia. "Nikikuta imekwama nitakwambia wewe wa kwanza."

Scovia akaitikia kwa kichwa. Akapiga simu kazini kusema atachelewa.

Tukaimwaga. Ilitoka kwa mapozi, wakuu, kama bibi harusi. Tukaweka filta mpya, tukajaza 5W-30, ile nyepesi, mpaka kwenye alama. Mama Sauda akaniambia, "Akello, panda wewe."

Mimi. Kwenye kiti cha dereva. Kile kiti kinakukumbatia mbavuni kama shangazi aliyekukosa siku nyingi.

Nikawasha. Tik, tik... kisha kimya. Zilipiga kidogo tu zikanyamaza, injini ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, safi.

Lakini sindano ilikuwa bado juu. Siyo kama mwanzo, ila juu, imepita sitini.

Ronnie akainama dirishani. "Mama, bado iko juu."

"Naiona."

"Kwa hiyo imekwama?"

"Injini bado ni baridi. Ngoja ipate moto."

"Tungoje mpaka lini?"

Kabla Mama Sauda hajajibu, Scovia akadakia, "Ronnie, hebu tulia. Hata sisi mtu akifika kliniki anahema hatumfungi mashine ya presha. Tunamwambia akae kwanza. Ukimpima amepanda kilima cha Naguru mbio, utampa dawa za bure."

Mama Sauda akacheka, ile ya kifuani. "Huyu ndiye fundi. Ronnie, umeoa fundi ukaenda kuuliza stendi."

"Stendi hawanigombezi," Ronnie akasema, na hata yeye akatabasamu kidogo.

Tukangoja. Sikukanyaga. Nilikaa mikono mapajani kama niko kanisani, natazama geji mbili, ya joto na ya presha. Ya joto inapanda polepole. Na ile ya presha ikaanza kushuka.

Hamsini. Arobaini. Inashuka tu.

Ronnie akashika kichwa. "Banange, jamani, inakufa. Akello, zima."

Mkono wangu ulikwenda kwenye ufunguo, nawaambia ukweli. Mama Sauda hakuinua hata sauti. "Acha ishuke. Oili imelainika, sasa inapita. Ulikuwa unashangilia ikigoma, ikikubali unalia?"

Ikashuka mpaka ishirini na kitu, ikatulia pale injini ikinguruma bila kukanyagwa. Imetulia kama mtu aliyeshiba.

"Sasa ndiyo mtihani," akasema. Akaweka kiganja karibu na filta mpya. "Akello, kanyaga polepole. Polepole kama unaamsha mtoto. Mizunguko ikipanda, presha ipande nayo. Mara nyingi mimi nahesabu presha kumi hivi kwa kila mizunguko elfu moja. Ila kuna mahali lazima ifike ikatae kuendelea. Ikikataa, valvu inafunguka. Ikiendelea kupanda tu bila kusimama, imekwama, na tunafungua injini."

Ronnie akaenda kusimama kando ya mke wake.

Nikakanyaga. Elfu mbili, sindano ikapanda. Elfu tatu, ikapanda. Elfu nne. Miaka yote naota kukanyaga gari kama ile, na sasa naikanyaga huku naomba sindano isimame. Elfu tano, imepita hamsini, inapanda. Sauti ya ile injini kule juu sitaweza kuieleza, inaingia kwenye mifupa ya mgongo.

Elfu sita. Sindano ikafika sitini na kitu.

Ikasimama.

Nikaongeza kidogo tena. Injini ikapanda, sindano ikabaki pale pale.

"Achia," Mama Sauda akasema.

Nikaachia. Sindano ikarudi chini taratibu mpaka ishirini na kitu. Filta kavu. Juu ya injini kimya.

Mama Sauda akafuta kiganja kwenye kitambaa. Akamtazama Scovia kwanza, kama alivyoahidi. "Valvu ni nzima. Injini haifunguliwi."

Scovia akashusha pumzi. Akamwambia mume wake, "Kale, haya, Ronnie. Mpigie yule mnunuzi, mwambie atafute ya kwake." Akatazama saa, akaingia upande wa abiria. "Nifikishe kazini. Na usikimbize, bado haijazoea oili yake."

Ronnie alimshika Mama Sauda mkono kwa mikono yake yote miwili, akauinamia. Mimi nikajifanya natafuta spana.

Sasa wakuu, nilichojifunza.

Presha ya juu siyo sifa. Inaweza kuwa baridi ya asubuhi tu, na hiyo ni kawaida, ngoja ipate moto. Inaweza kuwa oili nzito kuliko injini inavyotaka. Inaweza kuwa geji au sensa, ndiyo maana Mama Sauda alianza na geji ya pili. Na inaweza kuwa valvu au njia imeziba kweli. Ukikurupuka na ya mwisho wakati tatizo ni la pili, unafungua injini nzima bure, na mtu anapoteza gari yake. Oili fuata kitabu cha gari, na hali ya injini yako wewe, siyo ya jirani.

Na ukiwasha asubuhi, tafadhali, usikanyage. Ipe nafasi.

Nikiwa mkubwa nataka kuwa kama yule mama, mwenye uwezo wa kusimama mbele ya mteja na kusema sijui bado, halafu akaenda kutafuta hata kama jibu linaweza kumwangukia yeye. Hata huko kwenye mashindano ninakoota, natamani gari yangu ifungwe na mkono wa namna ile.

Wenye gari za turbo humu, geji zenu zinasoma ngapi injini ikiwa baridi na ngapi ikiwa na moto? Mafundi, kama kuna mahali nimeeleza vibaya nirekebisheni, sinuni. Na kama kuna mwenzangu wa kike anayeshika spana popote alipo, ajitokeze hapo chini tusalimiane.

Kuna jambo moja sikumwambia mtu.

Kesho yake niliwahi gereji, hakuna aliyefika. Baridi ya asubuhi, umande bado uko kwenye mabati. Nilikuwa nimebakiza kidogo ile oili nzito kwenye kopo. Nikachukua kipande cha bati, nikakiegemeza kwenye tofali kikainama. Upande mmoja nikadondosha tone la ile nyepesi, upande wa pili tone la ile nzito, kwa wakati mmoja.

Nyepesi ilikimbia ikafika ukingoni.

Nzito ilikuwa bado iko katikati, inakuja. Haikuwa na kosa lolote, iliwekwa tu kwenye injini isiyo yake. Nikachuchumaa pale, nikaingoja mpaka nayo ikafika, ndipo nikapangusa bati.